Wembe uliokwisha bado unakata

"Kaka samahani, hivi wewe umepima lini mara ya mwisho?"

Swali hili niliulizwa getini kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, Jumamosi moja saa mbili kasoro asubuhi, na dogo anayepita na guta kubeba taka za mtaa wetu. Mkono wa kulia kaukunja ngumi, damu inapenya kwenye vidole inadondokea kwenye vumbi. Mkono wa kushoto kashika kitu chembamba kama karatasi, kakinyoosha mbele yangu nikione vizuri.

Wembe wangu.

Niliutoa kwenye mashine Alhamisi usiku, nikauviringisha kwenye toileti pepa nikautupa kwenye kapu la bafuni, kapu likamwagwa kwenye kiroba, kiroba kikatolewa nje, na yeye alipokikumbatia akipandishe kwenye guta wembe ukatoboa kiroba ukapita na kiganja. Ndo ilivyokuwa.

Hakuuliza kwa hasira aisee, na ndo kitu kimenikaa mpaka leo. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Ni kijana wa miaka kumi na nane hivi, ana adabu zake, na hata siku hiyo damu ikimtoka alianza na shikamoo ndo akaniuliza.

Nikamjibu ukweli, kwamba sikumbuki. Labda miaka mitatu, labda minne.

Hii ni wiki ya saba sasa. Nimeanza kuandika makala hii mara nyingi nikawa naifuta, kwa sababu mwanzoni nilitaka kuandika kitu kingine kabisa, nilitaka kuwaambia watu waachane na zile mashine za plastiki za kunyolea warudi kwenye ile ya chuma, ile ya zamani unayoweka wembe katikati halafu unaikaza kwa kuzungusha mpini. Nilikuwa na hoja zangu zote tayari. Na hoja bado ninazo, nyingi ziko palepale, ila sasa hivi siwezi kuzisema bila kuanza na huyu dogo.

Kwenye benchi

Tulimwosha kwanza, maji yanayotiririka na sabuni, muda mrefu, halafu tukapanda bodaboda mshikaki mpaka zahanati.

Nesi aliuliza maswali ya haraka haraka: umekatwa saa ngapi, wembe ulikuwa wa nani, ulikuwa na damu, sindano ya pepopunda ulichoma lini. Halafu akatueleza, kwa utulivu kabisa, kwamba kama kuna wasiwasi wa VVU dawa za kuzuia lazima zianze ndani ya saa 72, zikianza mapema ndo bora zaidi, na zinamezwa siku 28. Akaangalia nyuma yake akaniona nimesimama mlangoni.

"Mwenye wembe ndo wewe baba? Kaa hapo na wewe nikupime."

Nikakaa. Kipimo kile ni cha dakika chache tu, mnalijua lile benchi, mnajua zile dakika zinavyokwenda. Mimi upande huu, dogo upande ule kashika pamba kiganjani, na kilichokuwa kinatembea kichwani mwangu sio afya yangu. Ni kwamba kijana wa watu anasubiri kujua maisha yangu mimi yakoje ili ajue ya kwake yatakuwaje, na wala hatujuani majina.

Akaniuliza kitu kimoja tu. "Kaka, ule ni wembe wa nini? Maana watu siku hizi si wananyolea zile za plastiki."

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Hili la leo ndo jibu, na limechelewa.

Majibu yangu yalitoka salama. Jumatatu nikaenda maabara nyingine kupima homa ya ini, kwa sababu nesi alishaniambia kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba kikiwa bado kinaambukiza, na wembe wangu ulikuwa na siku mbili tu toka niutoe. Nayo ikatoka salama. Dogo alichomwa pepopunda, akafungwa kidonda, wiki ikafuata karudi kwenye guta na bandeji.

Yeye yameisha. Mimi ndo yakaanza.

Vipele vya shingo

Nirudi nyuma kidogo mjue nilifikaje kwenye wembe.

Wanaume wenzangu wenye ndevu za kujisokota mtanielewa bila maelezo mengi. Shingo yangu kwa miaka kama kumi na mbili ilikuwa imejaa vipele, vingine vinavimba vinatoa usaha, vingine vinaacha madoa meusi, kola ya shati ikigusa tu unajikunja. Nimepaka kila kitu. Nimepaka spiriti mpaka ngozi ikawa kama gome. Nimetumia ile poda ya kuchanganya na maji inayoyeyusha ndevu bila wembe, inafanya kazi kweli ila harufu yake na ule moto wake ukichelewa kuifuta, hapana. Nikawa nanyoa kwa mashine yenye nyembe tatu zimepangana, nikiamini nyembe zikiwa nyingi ndo kunyoa kunakuwa kuzuri.

Kumbe kwa ndevu kama zetu hapo ndo penye tatizo.

Mashine ya nyembe nyingi inafanya kazi hivi: wembe wa kwanza unaunasa unywele na kuuvuta kidogo nje ya ngozi huku unaukata, na kabla unywele haujarudi ndani wembe wa pili unafika unaukata tena, chini zaidi. Unywele uliobaki unarudi ndani ukiwa umekatwa chini ya usawa wa ngozi. Mtu mwenye nywele zilizonyooka anapata shavu laini mpaka jioni. Mtu mwenye unywele wa kujikunja, ule unywele ukianza kuota unajipinda ndani kwa ndani, au unatoka halafu unageuka unachoma ngozi ya pembeni, mwili unauona kama mwiba unaanza kupigana nao. Hicho ndo kipele. Sio uchafu, wala sio mkosi wa kinyozi.

Na hizi nyembe za kupangana hazikuanza juzi. Kampuni ya Gillette walitoa ya nyembe mbili mwaka 1971, wakatoa ya nyembe tatu 1998, na ya nyembe tano 2006. Kila hatua tuliambiwa ni maendeleo, na kwa aina fulani ya ndevu ni maendeleo kweli, sibishi.

Kinyozi wangu wa Sabasaba ndo alinifungua macho. Ni mtu mzima, kanyoa kabla hata sijazaliwa, na yeye kila mteja anamfungulia wembe mpya mbele ya macho yake, anauvunja katikati ukiwa bado kwenye karatasi, nusu anaipachika kwenye kishikio chake. Nikaona yeye ana wembe mmoja, tena nusu, na mimi nikitoka kwake vipele vinakuwa nafuu kuliko nikijinyoa nyumbani kwa nyembe tatu. Nikamuuliza, akasema, "Mwanangu wewe unakandamiza. Na unanyoa chini mno. Ndevu zako zinataka ukate juu ya ngozi uziache hapo."

Mwezi uliofuata nikamwagiza mtu Kariakoo, akaniletea mashine ya chuma, elfu thelathini.

Maji ya kopo moja

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya. Mashine ya chuma ni nzito na haina shingo ya kuchezacheza, zile za plastiki kichwa kinajipinda kufuata taya, hii haijipindi, wewe ndo unayetakiwa uijue taya yako. Nilijikata kidevuni, nikajikata chini ya sikio, nikajikata pale kooni kwenye kongoromeo mara tatu siku moja. Sokoni nikanunua kipande cha shabu, nikawa nalowanisha napitisha kwenye mikato, inawasha kidogo halafu damu inakata. Shabu ya shilingi mia tano ninayo mpaka leo.

Polepole mkono ukajifunza. Hukandamizi, unaacha uzito wa chuma wenyewe ufanye kazi. Unailaza kama nyuzi thelathini kutoka kwenye ngozi. Vipande vifupi vifupi, unavuta ngozi kwa mkono mwingine, unafuata ndevu zinavyolala, na ukiona bado kuna vinywele vimebaki unaviacha. Hapo kwenye kuviacha ndo palikuwa pagumu kwangu kuliko kote.

Halafu kuna habari ya maji, ambayo wanaosifia hizi mashine huko nje hawaisemi kwa sababu hawakai Dodoma. Hapa maji yanakuja kwa mgao, kuna wiki yanatoka siku mbili, na miezi ile ya kiangazi upepo unavuma vumbi linaingia mpaka kwenye sahani. Mashine ya nyembe tatu ikijaa povu na vinywele katikati inataka bomba lenye presha ndo isafike, na kama huna bomba utaigonga gonga kwenye beseni mpaka uchoke. Ya chuma ina wembe mmoja na nafasi kubwa chini yake, unaichovya kwenye kopo la maji unaitikisa imekwisha. Mimi nanyoa kwa kopo moja la lita, na yanabaki ya kunawia.

Miezi mitatu shingo ikatulia. Haikupona kabisa, bado kuna wiki vinatoka vitatu vinne, ila watu ofisini walianza kuniuliza napaka nini.

Na bei. Kichwa kimoja cha kubadilisha cha ile mashine yangu ya zamani kilikuwa kinanigharimu zaidi ya elfu saba. Wembe mmoja hapa dukani kwetu shilingi mia mbili. Nanyoa mara tatu kwa wiki, wembe mmoja unanipeleka mara nne, kwa hiyo mwaka mzima ni nyembe kama 39, haifiki elfu nane. Nilikuwa nimeshaanza kuwahubiria watu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikaa vibaya hata wakati ule, na nilikipuuza. Kila nikiwaeleza watu kwanini vipele vimepungua nilikuwa nasema ni mashine. Lakini kwa mwezi ule ule nilikuwa nimeacha kukandamiza, nimeacha kunyoa kila siku, nimeacha kurudia kinyume na ndevu, nimeanza kulowanisha uso dakika tatu kabla. Ukweli ni kwamba sijui ningefanya hayo yote kwa ile ya plastiki ya wembe mmoja ya shilingi mia tano ingekuwaje. Pengine ingekuwa hivi hivi. Sikutaka kujua, kwa sababu nilishaipenda ile mashine, uzito wake, inavyolia ukiiweka kwenye sinki.

Mtu wa vizibo vya soda

Baada ya ile Jumamosi nikawa nasoma usiku. Nilikuwa natafuta kitu cha kujitetea nacho, niseme tu wazi. Kichwani mwangu za plastiki ndo zilikuwa za kutupa, na yangu ya chuma ilikuwa ya kutunza, kitu cha wazee, watu waliokuwa hawatupi ovyo.

Nikakutana na habari za mwanzilishi wa Gillette mwenyewe, King Camp Gillette, Mmarekani, alikuwa anauza vizibo. Vile vizibo vya bati vya chupa ya soda vyenye meno meno, ambavyo sisi utotoni tulivitoboa tukavifanya magurudumu ya magari ya waya. Aliyevibuni alikuwa William Painter, na Gillette alifanya kazi kwenye kampuni yake. Inasimuliwa kwamba Painter ndo alimshauri atafute kitu kama kizibo, mtu akitumia mara moja anatupa halafu anarudi kununua kingine.

Akafikiria akiwa ananyoa, mwaka 1895. Enzi hizo mtu alikuwa na wembe mmoja mkubwa wa kukunja kama kisu, anaunoa kwenye ngozi kila asubuhi, anaweza kukaa nao maisha yake yote. Mashine zenye kinga ya kuzuia wembe usizame kwenye ngozi zilikuwepo tayari, ndugu wawili wa ukoo wa Kampfe walipata hataza yao, yaani haki ya kumiliki ubunifu, Marekani 1880, ila wembe wake ulikuwa mnene na bado ulinolewa. Alichotaka Gillette ni chuma chembamba kabisa, rahisi, kisichonolewa. Wataalamu wakamwambia chuma chembamba hivyo hakiwezi kukomazwa kikashika makali. Ikachukua miaka, akapatikana mhandisi William Nickerson akaiweza. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Hataza ikatoka Novemba 1904. Vita vya kwanza vya dunia Marekani ikawapa wanajeshi wake mashine kama milioni 3.5 na nyembe milioni 32, wakarudi nyumbani wameshazoea.

Soma tena pale mwanzo.

Huyu mtu hakuanza na kunyoa. Alianza na kutupa, kunyoa kukaja baadaye.

Nililala nikiwa nimefunga simu siku hiyo. Kwa sababu maana yake mashine yangu ya chuma, ile niliyoiita ya wazee, ndo iliyoanzisha kitu chenyewe nilichokuwa nakilaumu. Mpini wa kutunza, makali ya kutupa. Miaka sabini mbele wakaja Bic na mashine ya plastiki ya kutupa yote, mpini na makali pamoja, wakamalizia tu njia ambayo ilishafunguliwa.

Umekwisha kwa nani

Kingine nilichosoma kimenisumbua zaidi hata ya hicho.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha utafiti wao, walikuwa wanajiuliza unywele ambao ni laini kuliko chuma mara hamsini hivi unawezaje kumaliza wembe. Mtafiti alikuwa ananyoa ndevu zake mwenyewe halafu anaupeleka wembe kwenye darubini. Wakagundua makali hayasagiki taratibu kama tulivyodhani. Yanamegeka. Unywele ukijipinda wakati unakatwa unasukuma ukingo wa wembe kwa pembeni, na pale ambapo chuma chenyewe hakiko sawasawa kwa ndani panamegeka kipande kidogo sana, macho hayaoni. Vikiwa vingi unaanza kusikia wembe unavuta, unasema umekwisha.

Ila umekwisha kwa ndevu tu!

Kwenye kiganja haujakwisha hata kidogo. Ule wembe uliokuwa umeshindwa kunikata ndevu Alhamisi ulipita toileti pepa, ukapita kiroba, ukapita ngozi ngumu ya kijana anayebeba mizigo kila siku. Na zile tunazoziita za plastiki, za kutupa, nilienda nikachukua moja ya waifu nikaiangalia vizuri dirishani kwa mara ya kwanza toka nizaliwe. Makali yamezamishwa kwenye plastiki pande zote, yanayochungulia ni kiasi cha unene wa unywele tu. Ukiishika kiganjani ukaikamata kwa nguvu pengine itakukwaruza. Ile plastiki niliyokuwa naiona uchafu, ndo kinga, na kinga yake haiishii kwenye shavu la mwenye ndevu, inamfuata mpaka mtu wa taka.

Yangu inaitwa mashine ya usalama huko ilikotoka. Ni kweli, usalama wa uso wangu.

Nilimwonyesha waifu nilichokiona. Alikuwa anakunja nguo, hakugeuka hata. Akasema, "Mimi hizo zangu toka nianze kunyolea hazijawahi kumkata mtu, baba Neema."

Sikubishana naye. Ningebishana na nini.

Ukuta wa bibi

Sasa mtaniuliza, mbona nyembe zipo Tanzania miaka na miaka, fundi cherehani anakatia nyuzi, mtoto anachongea penseli, bibi anakatia kucha, na hatusikii watu wa taka wanakatwa kila siku? (Labda wanakatwa. Nani anawauliza?)

Nilikaa na hilo swali nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, kule Bahi. Alikuwa na tembe, nyumba yetu ya Kigogo yenyewe, kuta za miti na udongo na paa la udongo lililolala. Ndani ya ile nyumba wembe ulikuwa na mahali pake. Juu ya mlango, upande wa ndani, alikuwa anachomeka wembe kati ya mti na udongo, unabaki ukingo mdogo tu. Uliotumika ukachoka ulisukumwa ndani kabisa ya ukuta hauonekani tena, mpya unachukua nafasi. Sisi watoto tulijua ukipeleka mkono pale utachapwa. Na aliposhika wembe alitukumbusha ule msemo, mtoto akililia wembe mpe, halafu wala hakutupatia, anacheka anauchomeka juu.

Majumba mengine wembe uliishia chooni, kwenye shimo. Hiyo wengi wenu mnaijua, ndo ilikuwa sheria, wembe na sindano vinaenda chooni. Na miaka ile ya tisini kampeni za UKIMWI zilipotufundisha kutochangia vitu vyenye ncha kali ndo kabisa, wembe ukawa kitu cha kuogopwa, kila mtu na wake, ukitumika shimoni.

Halafu nikaja kusoma kwamba Marekani kwenyewe, nyumba nyingi za katikati ya karne iliyopita, kabati la bafuni lilikuwa na tundu dogo jembamba nyuma yake. Unadumbukiza wembe uliotumika unaangukia ndani ya ukuta, unabaki huko milele. Mpaka leo watu wakibomoa hizo nyumba kufanya ukarabati zinawamwagikia nyembe za kutu kwa mamia.

Bibi yangu hakwenda shule, hakuwahi kuona kabati la bafuni. Kafika palepale walipofika wao, ukutani.

Mimi naishi nyumba ya kupanga ya tofali na plasta. Choo ni cha kuvuta, shimo lake siku likijaa linakuja gari na watu wanaingiza mikono. Ukuta sio wangu hata msumari natakiwa niombe ruhusa. Yaani nilirudisha wembe wa kizamani kwenye nyumba ambayo haina tena mahali pa kuuweka, na sikujiuliza. Nilijiuliza kuhusu pembe, kuhusu povu, kuhusu shilingi elfu saba. Kwamba wembe ukitoka mkononi mwangu unaenda kwenye mkono wa nani, hilo halikuwahi kupita kichwani kwa mwaka mzima na zaidi.

Na taka zetu haziendi moja kwa moja. Kabla hazijafika dampo la Chidaya zimeshashikwa mara nyingi: dogo wa guta, wanaopekua chupa za plastiki pale zinapokusanywa, wanaopakia kwenye lori. Nilihesabu nyembe nilizotupa kwa njia ile toka nianze. Zilikaribia hamsini. Mmoja ndo uliorudi getini kuniuliza. Zile nyingine sijui zimemuuliza nani.

Kopo

Wiki ya tatu nilirudi kwenye plastiki. Nilinunua ya wembe mmoja, ile ya mia tano, nikanyoa kwa adabu zote nilizojifunza, bila kukandamiza, kufuata ndevu, na nikasema nitaipa mwezi mzima nione. Vipele vilirudi kidogo, sio kama zamani. Kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa ni mkono wangu, na sehemu ndogo ni mashine. Nawaambia hivyo hivyo ilivyo. Kama una vipele na huna mashine ya chuma, usikimbilie Kariakoo kwanza, badilisha unavyonyoa, na kama vinatoa usaha nenda kwa daktari wa ngozi.

Ila kile kipande cha plastiki nikikitupa baada ya kunyoa mara mbili nacho kilikuwa kinaniuma. Naipigia hesabu, nikinyoa hivyo ni mashine karibu themanini kwa mwaka, za mtu mmoja, na hazitaoza nikiwa hai wala wanangu wakiwa hai.

Wembe unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Zile 39 za mwaka mzima ukizipanga moja juu ya nyingine hazifiki nusu sentimita.

Nusu sentimita. Hiyo inaingia popote.

Nilichukua kopo la bati la maziwa ya unga, mfuniko wake nikaugundisha kwa gundi ya chuma pande zote, nikatoboa juu kwa bisibisi mfereji mwembamba wa kupita wembe tu. Nikaliandika kwa maka peni: NYEMBE, USIFUNGUE. Limekaa juu ya kabati la bafuni, juu kabisa, mkono wa mtoto haufiki. Nikarudi zahanati kwa yule nesi nikamuuliza likijaa nilipeleke wapi, akacheka kidogo, akaniambia kwa hesabu hiyo likijaa nitakuwa mzee, ila nikilileta watalipeleka pamoja na yale maboksi ya njano ya sindano kwenye tanuri. Nikamuuliza kama nitalipa. Akasema hapana, "we lete tu."

Kwa hiyo ndio, nimerudi kwenye chuma, tangu wiki mbili zilizopita. Nanyoa Jumapili, Jumatano na Ijumaa. Kopo lina nyembe mbili, ukilitikisa linalia.

Jumamosi iliyopita nilimsubiri dogo nje nikamwonyesha kopo, nikamweleza yote, kwamba hakuna wembe utakaotoka tena humu ndani. Alilishika akalitikisa, akasikiliza. Akasema, "Sawa kaka, asante." Kovu lake lipo chini ya kidole gumba, limekuwa jeupe.

Halafu akachukua kiroba changu. Vya majirani alivibeba kifuani kama kawaida. Cha kwangu alikishika shingoni kwa vidole viwili, akakiweka mbali na mguu, akatembea nacho hivyo hivyo mpaka kwenye guta.